Mtoto anayeganda kwa mama asinyakuliwe, ashuke majini na mama yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wazazi wenzangu, na zaidi niongee na wenye mabwawa ya kuogelea na makocha wao hapa Dar es Salaam, kuhusu hawa watoto wa mwaka mmoja mpaka mitatu ambao wakifika bwawani wanaganda shingoni kwa mama hawataki kushuka. Dawa iliyozoeleka ni moja tu, mtoto ananyakuliwa anaingizwa majini huku analia, watu wazima wanasema muache atazoea, mjomba wake anasema mbona sisi tulitupwa mtoni na tukajua, na mama anaambiwa akakae kule kwenye viti maana akionekana ndo mtoto anazidi kudeka. Mimi nasema hapana, na naomba nieleze kwa nini, maana hili jambo nimelifuatilia sana tangu nianze kumpeleka binti yangu ambae ana miaka miwili na nusu.

Mtoto wa umri huo kuganda kwa mama yake ni hali ya kawaida kabisa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia mmoja, Mary Ainsworth, alikuja Uganda akawa anatembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, anakaa na akina mama nyumbani kwao anaangalia watoto wao wadogo wanavyoishi nao. Alichokiona hata bibi zetu wangemwambia, mtoto anatambaa anaenda kuchezea vitu, anageuka kumuangalia mama, akimuona yupo anasogea mbele zaidi, akishtuka anarudi mbio kwake, akishatulia anaondoka tena. Yani yule mama aliyekaa pale ndo anayempa mtoto nguvu ya kwenda mbali. Utafiti huo ulifanyika hapa hapa kwetu Afrika Mashariki kwa watoto wetu wenyewe, na umetumika dunia nzima kueleza watoto wanavyojenga ujasiri, alafu leo sisi tunamuondoa mama bwawani ili mtoto awe jasiri, jamani kweli?

Kuna bwawa moja tulienda, silitaji, kocha alimchukua mwanangu mikononi kwangu bila hata kuniuliza, akamzamisha kichwa mara moja eti azoee. Mtoto akaibuka kapaliwa, anakohoa, makamasi yanamtoka, na wala hakulia mara moja, alikuwa ananitafuta tu kwa macho. Baada ya hapo kwa muda mrefu hata kumuogesha nyumbani ikawa vita, akiona nimeinua kopo anashika kichwa kwa mikono miwili na kuinama. Mtoto hajui kama ile ilikuwa mazoezi, yeye anajua kuna mtu alimchukua kwa mama akamtia majini na pumzi ikakata. Na mbali na hofu, mtoto mdogo anayezamishwa mara kwa mara anameza maji, akiyameza mengi kwa mwili wake ule mdogo chumvi kwenye damu inashuka na anaweza kupata hata degedege, kwa hiyo wanaosema haina madhara naomba wafikirie tena.

Sasa tufanyeje. Kazi inaanzia nyumbani kwenye beseni, mbali na bwawa. Mpe mtoto kopo lake mwenyewe amwagie maji mdoli, akumwagie wewe mkono, ajimwagie tumbo, kichwa kiwe cha mwisho kabisa. Kabla hujamwagia maji kichwani hesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, alafu ndo umwage, kila siku iwe hivyo hivyo, ukifika tatu bila kumwaga hujafanya kazi na ukimwaga kwenye mbili umemdanganya. Baada ya muda utaona anaanza kufunga mdomo na macho mwenyewe ukifika mbili. Hiyo ni hatua kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu sasa anajua maji yanakuja lini, na mtoto anayejua kinachofuata haogopi kama yule anayeshtukizwa. Mfundishe na kupuliza mapovu, apulizie maji kwenye kikombe kwanza, alafu kwenye beseni, maana mtoto anayepuliza hawezi kuvuta maji kwa wakati huo huo.

Bwawani nendeni asubuhi kabla ya muziki na watu wengi. Jumapili mchana kwenye mabwawa mengi ni spika, watoto wakubwa wanaruka, maji yanarushwa usoni, hata mtu mzima anachoka, sembuse mtoto wa miaka miwili. Kaeni kwanza ukingoni miguu ikiwa ndani ya maji, kama dakika kumi zikiisha hivyo hivyo sio hasara. Alafu shuka wewe, ukishasimama vizuri umchukue kifuani uso kwa uso, na ukiwa umemshika chuchumaa kidogo ili maji yamfike mabegani, kwa sababu akiwa nusu ndani nusu nje upepo unampiga na anapata baridi. Akikukumbatia shingo kwa nguvu mwache akumbatie. Tembea nae polepole, mwimbie nyimbo anazozijua za nyumbani, usibadilishe kitu. Utamsikia mwili unalegea wenyewe, kwanza mapaja yaliyokubana kiunoni, baadae mikono. Hapo ndo unaweka kikombe cha plastiki kinaelea mbele kidogo, akitaka kukifikia ataachia mkono mmoja. Mkono ule aliouachia yeye mwenyewe una maana kuliko mizunguko kumi ya kukokotwa na kocha huku analia.

Akishazoea hivyo muonyeshe kushika ukingo wa bwawa kwa mikono yote miwili, wewe nyuma yake umemshika makwapani, asogee hatua kwa hatua pembeni pembeni ya ukuta. Baadae aruke kutoka kwenye ngazi aje mikononi mwako na kila akiruka mgeuze arudi kushika ukingo. Hili la kurudi ukutani lisisitizwe sana, maana mtoto akiteleza siku moja akaanguka bwawani kitu cha kwanza anachotakiwa kukijua ni kugeuka na kushika. Na akisema basi ni basi, toka nae nje hata kama kiingilio kimeuma, akiona neno lake linasikika kesho atakubali kurudi.

Niseme na la baridi maana linasahaulika mno. Mabwawa yetu mengi hayana mtambo wa kupasha maji, na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane hata huku Pwani maji ya asubuhi ni ya baridi kwa mtoto mdogo, mwili wake unapoteza joto haraka sana kuliko wa kwako. Akianza kutetemeka au midomo ikabadilika rangi mtoe, mfunge taulo, mpe kitu cha moto, na hata akiwa na furaha nusu saa inatosha. Mara nyingi kile kilio tunachosema ni uoga ni baridi tu.

Najua mtasema mama mwenyewe hajui kuogelea atashukaje, na hili ndo gumu kweli. Wengi wetu tumekua tukiambiwa usisogelee maji utazama, na nchi hii ina kumbukumbu nzito za meli na vivuko vilivyozama na watu, MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011, MV Nyerere 2018, kuna nyumba ambazo neno maji lina msiba ndani yake. Mtoto anaisoma hofu ya mama kwenye mwili, ukikaza mabega na yeye anakaza. Lakini kwa kazi hii niliyoeleza huhitaji kujua kuogelea, unahitaji kusimama kwenye maji ya kiunoni miguu ikiwa chini na akili ikiwa kwa mtoto. Mkitaka kujifunza na nyie ni heri zaidi, kule Nungwi Zanzibar mradi wa Panje umekuwa ukifundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, na wamejua. Kwa hiyo habari ya kwamba mwanamke aliyejisitiri hawezi kushuka majini naomba iishe, na wenye mabwawa mnaowazuia akina mama mlangoni kwa sababu ya vazi, kama ni la kuogelea na ni safi mruhusuni ashuke na mtoto wake.

Alafu kuna upande ambao unanipa mawazo zaidi kuliko uoga wenyewe. Mtoto aliyekuwa anaganda akishazoea maji anaanza kuyafuata mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono, anazama kimya wakati watu wapo pale pale wanapiga stori. Kwa hiyo mzazi akae umbali ambao akinyoosha mkono anamgusa mtoto, simu ibaki kwenye begi, na wala tusiseme kuna muokoaji pale, muokoaji mmoja hawezi kuangalia bwawa zima. Yale maboya ya kuvalisha mikononi yanayouzwa barabarani ni ya kuchezea, yanachomoka, yanatoboka, na yanamfanya mtoto aamini anaelea kwa uwezo wake, siku hajavaa anaruka vile vile. Na nyumbani huyo huyo mtoto tuliyemzoesha kopo na beseni ataenda kuchungulia ndoo na pipa, vifunikwe, beseni limwagwe likimaliza kazi.

Ombi langu kwa wenye mabwawa ni dogo, tengeni asubuhi moja kwa wiki ya mama, baba au bibi na mtoto, muziki uzimwe, bwawa la watoto liwe lao peke yao, mzazi anayeshuka kumshika mtoto wake asilipishwe kiingilio cha mwogeleaji, na kocha awepo kwa ajili ya kumuelekeza mzazi namna ya kumshika mtoto bila kumchukua mikononi kwake. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2021 kwamba Julai 25 iwe siku ya dunia ya kuzuia vifo vya maji, mnaweza kuanza siku hiyo. Ila kwa kuwa Julai ni kipupwe, kwa watoto anzeni saa nne jua likishapasha maji kidogo, na mataulo yawe tayari ukingoni.

Ni mimi mama wa mtoto mmoja,
Tabata, Dar es Salaam