Barua kwa mwanangu Furaha, kuhusu zile Toyota Prado mbili

Mwanangu Furaha,

Picha ulizotuma kutoka Kolwezi nimezipata, na sauti yako nimeisikiliza. Unasema ile ya 2012 ni VX, ngazi ya juu: viti vya ngozi, paa la kufunguka, rimu za inchi 18. Ile ya 2014 ni TX, ngazi ya chini yake, viti vya kitambaa, haina mapambo. Bei zao zinakaribiana, na baba watoto moyo wake umeenda kwa VX. Umeniuliza mimi ningechukua ipi. Ningechukua TX, ila kwa sharti moja ambalo nitakueleza, na sharti hilo msilivuke, kwa sababu wanaokaa kiti cha nyuma ni wajukuu wangu.

Kwanza, maandishi ya mgongoni mwa gari yasiwababaishe. Herufi za VX zinauzwa madukani, na mtu yeyote anaweza kuzibandika. Mwambie muuzaji afungue boneti au mlango wa dereva, akutumie picha ya kile kibati cha chuma chenye namba ya modeli. Ikianza na TRJ150, hiyo ni injini ya esanse, yaani petroli, ya lita 2.7. GRJ150 ni esanse ya lita 4.0, silinda sita, na hiyo inakunywa. KDJ150 ni mazutu, yaani dizeli, lita 3.0. Halafu tazama herufi inayofuata hapo hapo. L maana yake gari ilitoka kiwandani volani, yaani usukani, ikiwa kushoto. W ni gari iliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, na volani yake ilikuwa kuume. Ukikuta W huku volani iko kushoto, ujue imehamishwa gerejini. Tena Japani Prado ya umbo hili iliuzwa kwa majina ya TX na TZ, si VX. Kwa hiyo kibati cha W na herufi za VX mgongoni haviwezi kukaa pamoja kwa ukweli.

Gari iliyohamishwa volani naiogopa, Furaha. Wanahamisha pedali, wanakata dashibodi, wanarefusha nyaya, na mfuko wa hewa wa dereva hakuna awezaye kukuhakikishia tena kwamba utafunguka. Na ile iliyobaki na volani kuume nayo siitaki kwako. Sisi hapa Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Ukiwa nyuma ya kamio, lile lori la shaba, kati ya Kolwezi na Likasi, itabidi utoe nusu ya gari nje ndipo uone kinachokuja mbele.

Sasa nikueleze ninachokiona hapa dukani, maana wateja wa piesi, yaani vipuri, ndio wanaonifundisha. Baadhi ya Prado za ngazi ya juu nyuma hazina springi za chuma, zina puto za mpira zinazojazwa hewa na kompresa. Kwenye lami nzuri gari inateleza kama inaelea. Lakini mpira unazeeka, unapasuka mikunjo, hewa inatoka kidogo kidogo, kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Mwenye gari anakuja kuulizia bei, anashika kichwa, na mara nyingi anaondoka na springi za kawaida. Yaani alilipia starehe, halafu akalipa tena kuiondoa. Dalili yake unaiona asubuhi: gari iliyolala usiku kucha imeinama nyuma kama imebeba mifuko ya saruji.

Paa la kufunguka nalo lina mifereji midogo inayopeleka maji chini ya gari. Wewe unajua vumbi jekundu la kwetu kuanzia mwezi wa tano. Linaziba ile mifereji, halafu mvua ya mwezi wa kumi na moja ikianza, maji yanatiririka kwenye taa ya ndani na kulowesha viti vyenyewe vya ngozi. Ukiweza, mwaga maji kidogo kwenye ukingo wa paa likiwa wazi, utazame kama yanatokea chini.

Rimu: ya 17 inavaa tairi la 265/65, ya 18 inavaa 265/60. Tairi la kwanza lina ukuta mrefu zaidi wa mpira kati ya rimu na shimo, na mashimo ya njia zetu unayajua. Viti vya ngozi sina la kusema, ni joto tu.

Na sharti langu ni hili. Ngazi ya juu haileti urembo peke yake. Kuna TX zilizoletwa Afrika zikiwa na mifuko miwili tu ya hewa, ya dereva na ya abiria wa mbele, wakati zile za juu zina pazia la hewa linaloshuka pembeni kulinda vichwa vya watoto. Hapo VX ina haki yake, na siwezi kubisha. Kwa hiyo kwenye TX tafuta maneno SRS AIRBAG kwenye plastiki ya nguzo za pembeni, juu karibu na paa. Tafuta pia kitufe cha VSC, ule mfumo unaoshika gari isizunguke kwenye potopoto, yaani matope. Ukiwasha, taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi iwake, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameitoa ili kuficha jambo. TX ikikosa pazia na VSC, tuiache, tutafute TXL, ambayo mara nyingi iko katikati ya TX na VX. Msirudi kwa VX kwa sababu ya haraka.

Kama ni ya mazutu, ulizia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Bila karatasi, hesabu kwamba haujabadilishwa na punguza bei. Ya esanse lita 2.7 inatumia mnyororo badala ya mkanda huo. Ni nzito kupanda mlima, lakini haisumbui. Pesa itakayobaki weka kwenye matairi mapya na amotisere, yaani shokabsoba, si kwenye skrini ya redio.

Avansi, yaani malipo ya awali, msitoe bado. Jumatatu naenda mwenyewe kwenye depo, pale magari yanapouzwa, pamoja na fundi wetu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hawajawasha injini. Mpigie muuzaji leo, umwambie magari yote mawili yalale mahali palipo sawa na asiyaguse mpaka nifike. Na unitumie ile picha ya kibati.

Mama yako,
Lubumbashi