IP ya Kudumu Mnanitoza, Kuiwasha Mmeshindwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU HUDUMA YA IP YA KUDUMU NA LUGHA YA MHUDUMU WENU

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu. Masharti ya huduma ya IP ya kudumu, yaani anwani ya intaneti isiyobadilika na iliyo ya mteja mmoja peke yake, mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitayarudia hapa. Naomba tu mtu mmoja katika kampuni yenu anieleze kwa nini ada ya huduma hiyo inaonekana kwenye kila ankara tangu ombi langu lilipokubaliwa, ilhali ruta yangu haijawahi kupewa anwani hiyo hata kwa saa moja.

Leo asubuhi, kabla ya kuandika, nimefungua tena ukurasa wa mipangilio ya ruta. Sehemu ya WAN, yaani upande wa ruta unaotazama intaneti, inaonyesha anwani inayoanza na 100.72. Mafundi wenu wanajua maana yake. Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa matumizi ya ndani ya mitandao ya watoa huduma, ili wateja wengi wachangie anwani moja ya nje. Hiyo ndiyo CGNAT. Mteja aliyewekwa nyuma yake hana IP ya kudumu. Hana hata IP ya kubadilika iliyo yake peke yake. Na mimi nalipia ya kudumu.

Hata hivyo, kama ingekuwa ni hilo tu, ningeendelea kupiga simu na kusubiri kama mlivyonizoesha. Kilichonifanya niandike ni jinsi nilivyotendewa na mhudumu wenu. Aliniamuru nireseti ruta, akanihakikishia kwamba hakuna kitakachopotea, mipangilio yote ikafutika, intaneti ikakatika kabisa, kisha akaniambia nimeharibu mwenyewe na akakata simu. Alikata simu, Ndugu Meneja, nikiwa bado naongea.

Ilikuwa siku ya kufunga hesabu za mwezi. Mimi natunza hesabu za wateja nikiwa nyumbani, na mfumo wa mteja wangu mkubwa unamruhusu kuingia yule tu ambaye anwani yake imeandikwa kwenye orodha yao. Ndiyo sababu niliomba huduma hii, na kwenye fomu yenu niliandika hivyohivyo. Mhudumu mwingine aliwahi kunishauri nitumie DNS ya kujisasisha yenyewe, yaani jina linalofuata anwani kila inapobadilika, badala ya IP ya kudumu. Nyuma ya CGNAT hiyo inanisaidia nini? Jina litaelekeza kwenye anwani ya nje ambayo nachangia na watu nisiowajua, na poti, yaani njia ya kuingilia kutoka nje, haitafunguka kwangu kwa sababu mlango wa nje uko kwenu. Na nikimwambia mteja wangu aandike anwani hiyo ya pamoja kwenye orodha yake, nitakuwa nimewafungulia wageni wote hao mfumo wenye mishahara ya watu. Ushauri kama huo hautolewi na mtu aliyesoma ombi langu.

Halafu kuna ule ujumbe wa simu mlionitumia, mkisema ndio mipangilio yangu. Anwani iliishia na 18, sabneti maski, ile namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao, ikawa 255.255.255.252, na lango, yaani anwani ya kutokea kwenda kwenu, likaishia na 1. Nani aliupitia kabla haujatumwa? Kwa maski hiyo kila fungu lina anwani nne tu: 16 ni anwani ya mtandao wenyewe, 19 ni ya kutangazia kwa wote, zinazobaki kwa matumizi ni 17 na 18. Kama mimi ni 18, lango langu ni 17. Lango linaloishia na 1 liko nje ya mtandao wangu, na ruta ilikataa hata kuhifadhi. Nilijaribu 17 pia, nayo haikujibu, maana yake ni kwamba upande wenu hakuna kilichokuwa kimewashwa. Niliwaandikia haya yote kwenye tiketi ya malalamiko. Tiketi ikafungwa, ikaandikwa “imetatuliwa”.

Haikuwa mara ya kwanza kufungwa hivyo. Kabla ya ujumbe huo mlikuwa mmemtuma fundi, na hapa sifuati tena mpangilio wa tarehe kwa sababu kila nikikumbuka moja linakuja lingine. Fundi wenu hakuigusa ruta. Alikaa kwenye kompyuta yangu, akazima DHCP, ile inayogawa anwani yenyewe, akaandika 192.168.1.50, akasema, “Tayari mama, IP yako sasa haibadiliki.” Nikamweleza kwamba hiyo ni anwani ya ndani ya nyumba, kwamba anwani za 192.168 zinatumika katika nyumba zisizo na idadi duniani na hazipiti kwenye intaneti, kwamba ninachohitaji kiko upande wa WAN. Akanitazama kama mtu anayesubiri mvua ikatike aondoke. Nilikataa kusaini fomu yake. Ajabu ni kwamba kwenye kumbukumbu zenu kazi hiyo inaonekana imekamilika, na ada ilianza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Sasa nirudi kwenye ile simu, kwa sababu nataka uisikie kama nilivyoisikia mimi.

Baada ya ule ujumbe wa lango la uongo, nilirudisha ruta kwenye PPPoE ya zamani, ile ya kuingia kwenye mtandao wenu kwa jina na nenosiri, na intaneti ikawa inafanya kazi. Nilipiga kuuliza jambo moja: lango sahihi ni lipi na litawashwa lini. Mhudumu hakunijibu. Akasema, “Mama, chukua kitu chenye ncha, bonyeza kile kitundu cha nyuma mpaka taa zizime.” Nikamuuliza, “Mwanangu, hapo si nitafuta kila kitu? Jina la mtumiaji na nenosiri la PPPoE aliweka fundi wenu, mimi sikupewa.” Akajibu, “Hakuna kinachopotea mama, mimi ndiye ninayejua.” Nikamuuliza tena, taratibu, kwa sababu nilikuwa na kazi ya watu mezani. Akapandisha sauti: “Unataka kusaidiwa au hutaki?” Nikabonyeza, kwa kuwa aliyeniamuru alikuwa anazungumza kwa jina la kampuni yenu.

Taa ya intaneti ikawa nyekundu. Likaondoka jina la mtumiaji na nenosiri, ikaondoka namba ya VLAN inayotenganisha njia ya intaneti kwenye laini yenu, zikaondoka anwani nilizozitengea printa na diski ya kumbukumbu, likaondoka jina la Wi-Fi. Nikamwomba anisomee yale ya PPPoE niyaandike upya. “Hayo hatutoi kwa simu.” Nikamuuliza nifanyeje basi. Ndipo aliposema maneno ambayo nimeyaandika pembeni ya daftari ili nisije nikaambiwa nimeyatunga: “Sasa mama, umeshaharibu mwenyewe. Mambo ya IP si ya kila mtu. Tafuta kijana hapo nyumbani akusaidie.” Nikamsikia akimwambia mwenzake kitu, wakacheka wote wawili. Nilikuwa nasema, “Kijana wangu, naomba niunganishe na msimamizi wako,” na simu ikakatwa katikati ya sentensi hiyo.

Mimi ni mtu mzima. Nimewaita wahudumu wenu wanangu tangu siku ya kwanza, na hakuna niliyemtukana. Sikustahili kuchekwa na watu ninaowalipa, tena juu ya jambo ambalo mimi nilikuwa nalijua na wao hawakulijua.

Intaneti ilirudi kesho yake jioni. Jina na nenosiri ambavyo eti havitolewi kwa simu vilitolewa kwa simu, na mhudumu mwingine, bila ubishi wowote. Wakati huo mteja wangu alikuwa ameshampa mtu mwingine hesabu za mwezi ule. Baadaye nikaambiwa tatizo ni ruta yangu kuwa mbovu. Ruta ni yenu, ina nembo yenu, mliileta nyinyi.

Najua anwani za IPv4, yaani za aina hii ya namba nne, ni adimu. Hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011, na kila kampuni inabana ilichonacho. Hilo naliheshimu, na ndiyo maana nakubali kulipa ziada. Lakini kama hamna anwani ya kunipa, semeni hamna. Kutoza bila kuwa nayo ni jambo lenye jina lake, na kwa heshima sitaliandika hapa.

Ninachoomba ni kwamba anwani yangu iwashwe upande wenu, nipewe kwa maandishi anwani, maski, lango na DNS ambavyo fundi anayejua kazi yake amevihakiki, na nitolewe kwenye CGNAT, ndani ya siku saba za kazi.

Naomba pia nirudishiwe ada yote ya IP ya kudumu mliyonitoza mpaka leo. Kuipunguza kwenye ankara zijazo sitakubali, nataka irudi kama ilivyotoka. Na rekodi ya ile simu, kwa maana mnasema simu zote zinarekodiwa, isikilizwe na wewe mwenyewe Ndugu Meneja, kisha nipate barua ya kuombwa radhi yenye sahihi yako. Ujumbe wa moja kwa moja wa “tunasikitika kwa usumbufu” nimeshaupata, sihitaji mwingine.

Na nikifikiria tena, siku saba ni nyingi kwa watu waliokwishapewa muda wote huu. Ziwe tatu. Zikipita bila anwani kuwashwa, nivunjiwe mkataba bila faini yoyote, na nakala ya barua hii, pamoja na picha za ukurasa wa ruta, ankara zote, ule ujumbe wa lango lisilokuwepo na tiketi zilizofungwa kwa uongo, itakwenda kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano na kwa wakili wangu kwa pamoja. Kazi niliyoipoteza siku ile nayo nitaidai, na kiasi chake mtakisoma kwenye barua ya wakili.

Nasubiri jibu kwa maandishi. Msinipigie simu.

Wako,
Mteja wa kifurushi cha IP ya kudumu