Uvimbe unaotolewa kifuani mwa mtoto upelekwe maabara

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie saratani adimu ya mapafu ya watoto wadogo, iitwayo pluropalmonari blastoma. Mtoto huanza kuhema haraka na kukohoa, pengine na homa juu yake. Na kwa kuwa nimonia na kifua kikuu ni maradhi tunayoyaona kila siku, hutibiwa hayo kwanza, wala simlaumu daktari anayeanzia hapo. Lakini mtoto aliyemaliza dawa bila nafuu anastahili kupigwa eksirei, na kivuli kisichoeleweka kikionekana, apelekwe sitiskani, yaani kipimo cha picha kinachoonyesha ndani ya kifua kwa undani kuliko eksirei.

Aina ya kwanza ya saratani hiyo, ambayo huwapata hasa watoto wasiotimiza miaka miwili, huwa ni vifuko vya hewa vinavyofanana mno na vile visivyo saratani ambavyo mtoto huzaliwa navyo. Mpasuaji huingia kati ya mbavu, huondoa sehemu ya pafu yenye vifuko, kisha huacha mrija wa kutolea hewa na majimaji. Wazazi huogopa kwamba mtoto atapungukiwa pumzi maisha yake yote, ilhali mapafu katika umri huo yangali yanakua, na sehemu iliyobaki hutanuka ikachukua nafasi.

Hofu yangu ni ya baada ya upasuaji. Pale ambapo malipo ya maabara huachiwa familia, ambayo pengine imekwisha kuuza ng'ombe ili ifike hospitali ya rufaa ya Mulago, Kampala, kipande kilichotolewa huweza kukaa bila kupimwa. Bila hadubini hakuna awezaye kusema kwa hakika kilikuwa nini. Na aina ya kwanza ikiachwa huweza kugeuka kuwa ya pili au ya tatu, zenye uvimbe mgumu, ambazo huhitaji tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, na hupona kwa shida zaidi. Tena, tangu 2009 imejulikana kwamba wengi wa watoto hawa wana hitilafu katika jeni (chembe ya urithi) iitwayo DICER1, ambayo huweza kurithiwa, kwa hiyo majibu hayo yanawahusu na ndugu zao wa tumbo moja.

Taasisi ya Saratani ya Uganda ipo tangu 1967, na Entebbe ina hospitali ya upasuaji wa watoto tangu 2021. Naiomba Wizara ya Afya iagize kwamba kipimo cha kila uvimbe unaotolewa kifuani mwa mtoto kihesabiwe kuwa sehemu ya upasuaji wenyewe, na wazazi wapewe majibu kwa maandishi pamoja na tarehe ya kurudi.

Muuguzi wa wodi ya watoto,
Tororo