Barua kwa Somoe kuhusu sikio la Shaibu

Newala,
16 Novemba

Shoga yangu Somoe,

Salaam nyingi, na pole tena kwa safari ya Dar. Nimefurahi kusikia Shaibu amerudi Mikindani, anakula mwenyewe na ameshaanza kugombana na dada zake. Huku sisi wazima. Jua kali, watu wote akili zao ziko kwenye minada ya korosho, hata zahanati imepoa.

Uliniuliza jipu linaingiaje ndani ya kichwa cha kijana ambaye hakuanguka wala hakupigwa. Simu ilikatika, na jambo lenyewe si la kujibiana kwa kupiga kelele, ndiyo maana naandika. Najua wifi yako anasema mtoto katupiwa kitu. Mambo ya majini sibishani na mtu, lakini usaha uliotolewa kichwani mwa Shaibu njia yake inajulikana: umetoka sikioni.

Sikio la kati, lile la nyuma ya ngoma, lina paa la mfupa mwembamba kama ganda la yai, na juu ya paa hilo ndipo ubongo ulipokaa. Ule mfupa wa nyuma ya sikio nao, ukiugusa unauona mgumu, kumbe ndani una vijitundu vya hewa. Sikio likitoa usaha miaka nenda rudi, vijidudu hufanya makazi humo. Kuna wengine ambao ngozi huota kuingia nyuma ya ngoma, ikajilimbikiza na kuula mfupa polepole. Sikio la namna hiyo hunuka, na kwa harufu ya sikio la Shaibu sishangai likiwa hilo. Paa likitoboka, au vijidudu vikipita kwenye mishipa midogo ya damu, jipu huota kwenye ubongo ulio jirani, ama juu ya sikio, ama kwenye ubongo mdogo wa kisogoni. Pengine usaha haufanyi jipu: unatandaa kati ya fuvu na ubongo, au unashika utando wenyewe ikawa homa ya uti wa mgongo.

Umenisimulia alivyokuwa akiitazama ndoo anasema "kile, kile cha maji," nanyi mkacheka mkidhani anadeka. Watu wengi uwezo wa kusema uko upande wa kushoto wa ubongo, na sikio lake bovu ni la kushoto. Kikafuata kichwa kisichosikia panado, kutapika, halafu mkono wa kulia, ambao huongozwa na ubongo wa kushoto, ukaanza kukakamaa na kurukaruka. Homa kali hakuwa nayo, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu jipu la ubongo mara nyingi haliji na homa ya kutisha. Kule alikoanzia walimpa dawa ya malaria ilhali kipimo kilionyesha hana malaria, wala hakuna aliyemwinamia kutazama sikio. Hilo limenikera, nakwambia ukweli.

Si masikio peke yake. Usaha wa sinasi, yaani matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso, zile za kwenye paji huweza kupanda, jino lililooza vilevile, na mtu aliyepasuka fuvu kwa bodaboda mlango unakuwa wazi. Watoto waliozaliwa na tundu la moyo wako hatarini pia, maana baadhi ya damu yao hupita bila kuchujwa na mapafu. Mwenye VVU aliyeacha dawa, yeye tunawaza kwanza toksoplasma (kimelea kinachoshambulia ubongo), TB au fangasi.

Kaka yako analalamika kwamba Dar walikataa kumtoa maji ya mgongo, kana kwamba walimpuuza. Mwambie walifanya vizuri. Jipu likishajaza nafasi ndani ya fuvu, ukipunguza maji kwa chini ubongo unaweza kusukumwa kuelekea tundu la shingoni, mgonjwa akafia mezani. Ndiyo sababu wakatanguliza picha ya kichwa ya CT scan, wakatoboa fuvu tundu dogo, wakaingiza sindano na kuvuta usaha. Dripu za seftriaksoni na metronidazo, dawa za kuua vijidudu, wiki sita hadi nane ni kawaida. Usaha wa ubongo hauishi kwa vidonge vya siku tano.

Na kupasua jipu la ubongo si jambo la leo. Huko Glasgow mwaka 1876, daktari William Macewen alimchunguza mtoto kwa dalili tu, hakuna picha wala nini, akasema jipu liko mahali fulani kwenye ubongo. Hakuruhusiwa kupasua. Mtoto akafa, na maiti ilipofunguliwa, jipu likakutwa palepale alipopataja. Kufikia 1893 alikuwa amepasua majipu ya ubongo 19 na wagonjwa 18 wakapona, kabla penisilini haijajulikana. Mimi habari hiyo huwapa wale wanaosema kichwa kikishafunguliwa basi.

Sasa, dawa ya kifafa aliyopewa Shaibu asiiache hata akijiona mzima. Ataiacha daktari akisema. Na sikio lenyewe bado halijatibiwa! Jipu limetolewa, chimbuko lipo. Lazima arudi kwa daktari wa masikio, maana huenda mfupa ule ukahitaji kusafishwa kwa upasuaji.

Na Mwanaidi naye, yule mdogo? Uliposema la kwake "linatoa maji tu" nilishtuka. Mafuta ya moto na maziwa ya mama visiingie tena humo. Chukua kitambaa safi cha pamba, kisokote kiwe chembamba, kiingize taratibu, subiri kilowe, kitupe, weka kingine mpaka kitoke kikavu, ndipo dawa ya matone ya hospitali iingie. Baharini asizame kwanza. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, au sikio limesukumwa mbele, au analalamika kichwa na kulala ovyo, usinisubiri mimi, mpeleke hospitali ya Ligula siku hiyohiyo.

Ijumaa ijayo nashuka Mtwara kufuata dawa za zahanati. Nitapita kwako mchana, mweke Mwanaidi nyumbani asiende madrasa, nami nitakuja na taa yangu ya kutazamia masikio.

Wako,
Hawa