Du Guesclin alishinda kwa kukwepa vita

Mhariri,

Ukurasa wenu wa historia umemwita Bertrand du Guesclin, kabaila wa Brittany, magharibi mwa Ufaransa, aliyepigana na Waingereza karne ya 14, bingwa wa mapambano makubwa. Kwa kuwa kurasa hizo hubandikwa ukutani madarasani hapa Moshi, naomba nafasi ya kurekebisha.

Mapambano yake mawili makubwa ya uwanjani dhidi ya Waingereza alishindwa yote. Huko Auray, 29 Septemba 1364, bwana wake Charles wa Blois aliuawa, naye akatekwa na kukombolewa kwa faranga 100,000. Huko Nájera, Hispania, 3 Aprili 1367, alikuwa ameshauri wasikubali kupambana uwanjani. Enrique wa Trastámara, aliyekuwa akigombea ufalme wa Castile na ambaye Du Guesclin alimpigania, hakusikia, na Du Guesclin akatekwa tena.

Sababu ni namna Waingereza walivyojipanga. Walishuka kwenye farasi, wakashika mahali palipoinuka au nyuma ya ua wa miti, wapiga mishale wakakaa pembeni, kisha wakasubiri. Mpiga upinde hodari alirusha mishale kama kumi kwa dakika. Anayeshambulia amevaa deraya, anapanda mteremko, farasi wanajeruhiwa na kurudi nyuma kuwakanyaga wenzao. Akifika, pumzi imeisha. Ila mpango huo unamtegemea adui aje. Asipokuja, aliyejipanga anabaki pale na njaa yake.

Du Guesclin aliujua udhaifu huo. Huko Cocherel, 16 Mei 1364, siku tatu kabla Charles V, mfalme wa Ufaransa, hajatawazwa mjini Reims, alijifanya anarudi nyuma. Maadui, jeshi la mfalme wa Navarre lililokuwa mlimani, wakateremka kumfukuza, na kamanda wao, Jean de Grailly, akakamatwa. Alipofanywa mkuu wa majeshi ya Ufaransa Oktoba 1370, jeshi la Robert Knolles, kamanda wa Kiingereza, lilikuwa linagombana lenyewe kwa lenyewe na likagawanyika. Akaenda mbio usiku kucha, akakivamia kikosi kimoja Pontvallain tarehe 4 Desemba kabla hakijapata nafasi ya kujipanga.

Mfano ulio wazi kuliko yote mmeuruka. Agosti 1373 John wa Gaunt, mwana wa mfalme wa Uingereza, alitoka Calais na jeshi kubwa kuelekea Bordeaux. Miji ikafunga malango, chakula kikaingizwa ndani ya kuta (mtu wa Kibosho anayekumbuka boma la mawe la Mangi Sina, chifu wa Wachaga, hahitaji maelezo hapa), na Wafaransa wakawafuata kwa mbali, wakiwakata waliotawanyika kutafuta chakula. Jeshi la Gaunt lilifika Bordeaux mwishoni mwa mwaka, farasi wengi wamekufa njiani, makabaila wakitembea kwa miguu. Hakuna pambano kubwa lililopiganwa. Gharama yake, ambayo wasifiaji hupenda kuisahau, waliilipa wakulima: vijiji visivyo na kuta vilichomwa huku jeshi la mfalme wao likitazama.

Kuhusu kaburi, mmeandika Saint-Denis tu, kanisa la makaburi ya wafalme karibu na Paris. Alifariki 13 Julai 1380 akizingira Châteauneuf-de-Randon, katikati ya joto la kiangazi, na mwili ukaanza kuharibika njiani. Matumbo yalizikwa Le Puy, nyama Montferrand, mifupa Saint-Denis kwa amri ya mfalme, na moyo ukapelekwa Dinan, alikotaka mwili wake wote uzikwe.

Mkiichapa tena makala hiyo, wekeni ramani ya safari ya 1373 mahali pa ile picha ya mtu juu ya farasi.

Msomaji wenu,
Moshi