Kilwa siyo "mji uliokufa wa Waarabu"

Bwana Mhariri, yambo sana.

Niko na kaduka ka vitenge hapa Katuba, Lubumbashi, na mara tatu ao nne kwa mwaka nashuka Dar kuchukua mali. Juzi gazeti lenu lilizungumzia Kilwa Kisiwani mkasema eti ni "mji uliokufa wa Waarabu". Mimi nimetoka kule mwezi uliopita tu na hayo maneno yamenikaa vibaya, ndio maana naandika, mnisamehe kama Kiswahili changu kimechanganyika na cha kwetu.

Kwanza watu wa hapa ukiwaambia Kilwa wanawaza ile ya kwetu ya kando ya ziwa Moero, njia ya Pweto, kwenye samaki. Hata mke wangu nilipompigia simu nikasema niko Kilwa akashtuka, sasa umerudi Kongo lini na mali iko wapi? Hii nyingine iko kusini mwa Tanzania, kama kilomita 300 toka Dar, unapanda basi Mbagala, unashuka Kilwa Masoko, unachukua ruhusa, halafu mashua mpaka kisiwani kwenye magofu. Mali yangu ilikuwa imekwama bandarini, nikasema kuliko kulala gesti naangalia feni inazunguka acha niende. Mwenye mashua akaniapia maji bado yamejaa, kumbe yamekupwa zamani, nikashuka mu matope hadi magotini na viatu vyangu vya ngozi vya kwendea misa.

Lakini ule msikiti mkubwa! Nguzo, matao, kuba juu, ndani kunapoa mpaka unasahau jua la nje. Mawe yenyewe ni matumbawe, kijana aliyenitembeza akanieleza walikuwa wanayakata baharini yakiwa bado laini, yakikaa juani yanakuwa magumu, na chokaa ya kushikisha wanachoma matumbawe hayohayo. Nikasogeza uso ukutani nikaona jiwe lina tunyota tudogo tudogo, elfu na elfu, nikapitisha kidole. Upande wa kaskazini ndio wa zamani zaidi, wa kusini aliuongeza sultani al-Hasan bin Sulaiman karne ya 14, na ni yeye huyo alijenga Husuni Kubwa, jumba lake la kifalme, juu ya mwamba unaotazama bahari, vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogelea la pembe nane. Pembe nane, Bwana Mhariri! Na sisi hapa mtaani maji ya bomba yanakuja saa nane ya usiku, unaamka na ndoo. Makuta (kwetu ndiyo pesa) ya kujengea yalitoka kwenye dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, iliyopitia pale, na pesa walipiga yao wenyewe, ya shaba, ndogo kama ukucha. Mimi mtoto wa Lubumbashi, mji wa shaba, nilibaki nacheka peke yangu.

Sasa Waarabu mnawatoa wapi? Waliochimba pale walikuta chini kabisa nyumba za miti na udongo, kijiji cha tangu karne ya 9, kabla ya hayo mawe yote. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipofika 1331 aliandika kwamba wengi wa watu wa Kilwa ni weusi sana na wana chale usoni, na yeye Waarabu anawajua, angewataja. Nkambo wangu, mama mzaa mama, alikuwa na chale vilevile kwenye mashavu. Sikatai, kuna hadithi ya Ali bin al-Hasan wa Shirazi kule Uajemi, eti alinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizungusha chote (hiyo ilinifurahisha sana, nikaanza kupiga hesabu ni pisi ngapi za yadi 6), na wageni walikuja wakaoa wakabaki, ni kweli. Lakini mtu akiolea kwenu nyumba inakuwa yake?

Halafu eti umekufa. Pembeni ya magofu kuna kijiji, watu wanavua, wanafuga mbuzi, batoto wanacheza mpira. Nilimsalimia mama mmoja mzee nikasema yambo mama, mjukuu wake akaangua kicheko, nikakumbuka huku ni shikamoo. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kongo, na kwetu pia kuna Kilwa. Akanitazama. "Basi mmetuibia jina." Akanikatia kipande cha muhogo wa kuchoma.

Na msifikiri naimba sifa tu. Wareno waliingia 1505 wakapora, hilo linasemwa kila siku, lakini 1776 ni sultani wa Kilwa mwenyewe aliandikiana mkataba na Mfaransa mmoja, Morice, amuuzie watumwa 1000 kila mwaka. Tulikuwa tumesimama kivulini mwa Gereza, ile ngome ya zamani, kijana aliponiambia hivyo, na kwa muda sikuwa na swali la kuuliza. Muandike na hilo pia, msiwaachie Wareno peke yao.

Kutoka Lubumbashi tunaokwenda Kariakoo tuko wengi na sijakutana na hata mmoja aliyefika pale. Mwezi wa nane nashuka tena na safari hii nataka nivuke mpaka Songo Mnara, kisiwa cha jirani chenye magofu pia, anayetaka twende wote anitafute kule Katuba, ila avae kandambili, viatu vyangu mpaka leo vinanuka matope na mke wangu ameviweka nje.

Msomaji wenu,
Muuza vitenge wa Katuba, Lubumbashi