Samoni wa Bergen na sato wako

Bergen, Norwei

Shikamoo Baba,

Huku ni wazima, baridi tu. Dada kanieleza habari za sato wa kizimba cha pili, na kwamba kuna mtu kakushauri uwachanganyie antibayotiki kwenye chakula. Baba, nakuomba usubiri kwanza.

Samoni wachanga walioletwa huku kutoka Uskoti mwaka 1985 waliingia na ugonjwa wa majipu. Bakteria wake ni Aeromonas salmonicida. Wafugaji wakakimbilia antibayotiki. Mwaka 1987 zilitumika takriban tani 48.

Juzi maabara tulimwotesha bakteria huyo kwenye jeli yenye rangi ya bluu, baada ya kumweka kwenye joto kubwa kuliko analolizoea. Vikaota vidoa vya bluu iliyokoza na vingine vyeupe, vyote vya chupa moja. Wa bluu wamevaa koti la protini lililosukwa kama mkeka, nalo ndilo linalonasa rangi. Damu ya samaki ina kinga ya kutoboa bakteria, ila koti hilo huizuia. Weupe wamelipoteza, na hao humdhuru samaki kwa nadra sana. Niliitazama ile sahani mpaka nikaambiwa niirudishe.

Tena bakteria huyu ana kijibomba kama sindano. Humchoma nacho chembe mlinzi wa damu na kumtia sumu, asiweze kummeza. Madini ya chuma ambayo mwili wa samaki huyaficha, yeye huyapora apate kuzaana. Nyama inaoza, jipu linatumbuka ubavuni.

Kilichowaokoa ni chanjo: kila samaki anadungwa tumboni kabla ya kwenda baharini, na kinga inajifunza kulitambua lile lile koti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 antibayotiki zilikuwa chini ya tani 1 kwa mwaka.

Sato wako hawana ugonjwa huu. Ila macho kutoka na kuogelea kwa kuzunguka, kama alivyosema Dada, huweza kuwa bakteria mwingine, Streptococcus. Huyo gamba lake lina sukari inayofanana na ya chembe za samaki mwenyewe, walinzi wanampita wakidhani ni wa nyumbani, naye anafika hadi kwenye ubongo. Kwa macho tu siwezi kuapa.

Kwa hiyo mvue anayezunguka akiwa bado hai, umpeleke TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapo Mwanza siku hiyo hiyo. Aliyeelea tangu usiku keshaingiliwa na bakteria wengine wa majini, hatawaonyesha kitu. Nipigie picha ya jicho kabla hujaondoka.

Nisalimie Mama sana.

Mwanao